Saluni Juu, Samaki Chini

Wiki iliyopita mliniacha nikimfukuza kazi msaidizi wangu wa saluni, yule tuliyemwita Kucha, kwa kosa la kuiba chupa za shampuu. Wengi mlinipongeza. Mmoja alinisimamisha njiani akaniambia nilichelewa, ningemfukuza mapema zaidi. Pongezi hizo zitunzeni vizuri, maana tutazimeza pamoja kabla ukurasa huu haujaisha.

Kwa anayeanza leo: mimi ni mama wa pacha. Nina stashahada ya ugavi. Kampuni iliyoniajiri ilifunga milango, nikafungua saluni katika chumba kilichokuwa stoo ya mama mkwe wangu. Uwanja wake una mteremko. Juu ni saluni yangu, katikati ni nyumba yake, chini ni bwawa la samaki la wifi yangu. Ukiuelewa mteremko huo umeelewa kila kitu, kwa sababu katika familia hii vitu vyote hushuka: maji, lawama na vyombo vichafu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimemaliza kumpaka mteja dawa ya kulainisha nywele. Mteja mwenyewe ni mwalimu, mwenye nywele nyingi na subira kidogo. Wifi akaingia na sinia.

Kwenye sinia walilala vifaranga wa samaki, matumbo juu, wamepangwa kama vijiko kwenye droo.

"Wifi, hawa ni wako," akasema.

Nikamwambia sikuagiza samaki.

"Umewaua wewe, uwazike wewe."

Msiomjua wifi yangu, huyo ni mtu anayeongea kama kibao cha getini. Hana "tafadhali", hana "labda". Aliliweka sinia lake mezani katikati ya vitana vyangu, akaenda kukaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, kisogo chake ndani ya sinki, mikono kifuani. Akatangaza kwamba leo hakuna tone litakaloshuka kutoka humu kwenda kwa samaki wake.

Mwalimu akasema kichwa kinaanza kuwasha.

Nikamsihi wifi ainuke. Dawa ile ina muda wake, ukipita inaacha nywele na kuanza ngozi. Wifi hakuinuka. Akaniuliza, kwa utulivu wa mtu aliyejiandaa tangu jana, mwalimu asipooshwa itakuwaje. Nikasema itamuunguza.

"Itamuunguza mtu mzima mwenye fuvu na mshahara," akasema. "Sasa wewe uliyesoma, nielimishe. Ikimfikia samaki mwenye urefu wa kidole, itamfanyaje? Itampendezesha?"

Jibu alikuwa nalo mwalimu. Alisimama, akamshika wifi makwapani kama anavyowainua wanafunzi wanaosinzia, akamweka pembeni, akaingiza kichwa chini ya bomba mwenyewe. Aliondoka nusu ya kichwa imelainika na nusu imegoma. Alisema atarudi siku familia yetu ikihama.

Sinia lilibaki. Niliwasuka wateja wawili mchana ule huku samaki wakinitazama.

*

Kesi ikapelekwa kwa mama mkwe. Mwenye uwanja ni yeye, mwenye stoo ni yeye, na mwenye neno la mwisho ni yeye hata pale asipoulizwa.

Alinisikiliza kidogo na kumsikiliza binti yake sana. Kisha akatoa uamuzi: Jumamosi tutakutana wote pale bwawani, na Bwana Samaki awepo. Ikionekana ni maji ya saluni yanayoua, saluni inafungwa na stoo inarudi kuwa stoo.

Bwana Samaki ndiye mtaalamu wa ufugaji wa samaki anayezunguka huku kwetu. Mjane, mpole, anavaa shati jeupe kazini, jambo ambalo kwa mtu wa matope ni ujasiri. Wifi alianza kumwita tangu kifaranga wa kwanza alipoelea, na tangu hapo amekuwa akija mara kwa mara.

"Mimi mnaniona," mama mkwe akamalizia. "Sabuni ya mche, kichwani mpaka unyayoni, tangu nazaliwa. Sijawahi kumuua hata sisimizi kwa usafi wangu."

Kauli hiyo ameitoa mara nyingi, kwa sauti ambayo wengine huitumia kutaja ukoo wao. Aliponipita kuingia ndani nilisikia harufu ya nazi. Nikadhani ni mimi. Mwenye saluni hunuka saluni hata akiwa harusini.

Mume wangu alikuwepo muda wote. Msimamo wake katika mgogoro huu ulikuwa kukaa.

*

Siku iliyofuata nilimwita Bwana Samaki saluni nijitetee mapema. Stashahada imenifundisha kwamba mkaguzi anapokelewa kabla hajaja na sura ya ukaguzi.

Nilimwonyesha kila kitu. Alinusa, akasoma, akaguna. Nikamwambia hizi ni shampuu tu, vitu vya kuogea, hata watoto wanaogeshwa navyo. Akanijibu kwamba mtoto ana ngozi na samaki anavaa ute.

"Ule ute ndio shati lake," akasema. "Povu linamvua. Likifika kwenye matamvua, pale anapopumulia, linambabua. Anakufa kwa kukosa pumzi ndani ya maji ambayo wewe unayaona masafi kabisa."

Nikampa sabuni yangu ya maji ya kunawia, ile inayojisifu kwenye chupa kuwa inaua vijidudu karibu vyote. Nilitaka aone kwamba mimi ni mtu wa afya. Akaniuliza vile vijani vidogo vya majini ambavyo vifaranga wanavila, navyo vimo katika hivyo karibu vyote, au vimesamehewa?

Kisha akaiona galoni.

Hapa ndipo inabidi niseme ukweli, na mkinicheka mna haki. Shampuu yangu ya mba hununuliwa kwa galoni. Ubavuni mwa galoni pana maneno marefu kama treni ya mizigo, siyasomi. Mimi huimimina kwenye chupa ndogo, naongeza manukato ya nazi, nabandika karatasi niliyoichapa mwenyewe yenye neno moja: ASILIA. Ukiniuliza asili yake ni nini, nitakwambia asili yake ni galoni.

Chini ya yale maneno marefu pana kisanduku chenye mpaka mwekundu, na ndani yake mti uliokauka na samaki aliyelala chali.

"Hii picha umeiona?" akauliza Bwana Samaki.

Nimeiona, tena kila siku. Chuoni nilifundishwa kwamba mwavuli kwenye boksi ni usilowanishe, glasi ni kitu cha kuvunjika, mishale miwili ni huku ndiko juu. Samaki hatukufundishwa. Mimi nilidhani ni nembo ya kampuni. Kuna mteja niliwahi kumwambia kuwa ina maana ndani kuna mafuta ya samaki, yanakuza nywele. Akanunua mbili.

Bwana Samaki hakucheka. Afadhali angecheka. Alinieleza taratibu kwamba picha ile ni onyo: kilichomo kikifika majini kinaua viumbe wa majini. Dawa ya mba kazi yake ni kuua ukungu kichwani, na ikishasuuzwa haistaafu. Inaendelea na kazi huko inakokwenda. Kwa vifaranga katika bwawa dogo la turubai kama lile la wifi, haihitaji kumwagwa kwa ndoo. Kidogo kila siku kinatosha.

"Maji ya saluni yanakwenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia yanaingia kwenye shimo la maji taka, nyuma ya saluni, na shimo liko mbali na bwawa. Akasema basi tutalipima hilo Jumamosi. Akatazama saa, akajipangusa shati, akasema anapita mara moja kumsalimu mama.

Nikaona ni adabu. Mimi naye tulikuwa na ujinga wa aina mbili tofauti: yeye hakujua maji yanatoka wapi, mimi sikujua salamu zinatoka wapi.

*

Ijumaa mchana niliamua kwenda kwa mama mkwe kuomba huruma. Nilijipanga njiani: nitaanza na pacha, nitamalizia na kulia kidogo.

Nilimkuta barazani akimmiminia Bwana Samaki chai. Hakuwa na kilemba. Katika miaka yangu yote ya ndoa sikuwahi kuziona nywele za mama mkwe, na sasa zilikuwa pale hadharani, nyeusi, zinang'aa, zimechanwa kurudi nyuma. Mimi ni mtu wa fani. Nywele zile hazikuwa za sabuni ya mche.

Hotuba yangu ikanipotea. Nikaomba niende msalani.

Mama mkwe ana bafu lake mwenyewe ndani, na hulifunga kwa ufunguo kwa sababu, asemavyo, wajukuu wanachezea maji. Siku ile alisahau. Nikaingia. Nyuma ya ndoo, zimegeuzwa uso ukutani kama watoto waliokosea, zilisimama chupa zangu.

Nilizigeuza moja moja. ASILIA. ASILIA. ASILIA. Moja ilikuwa inakaribia kwisha.

Kipande cha sabuni ya mche kilikuwepo pia, kwenye kisahani chake, kimepasuka kwa ukavu.

Wa kwanza kunijia akilini alikuwa Kucha. Nilimfukuza mbele ya wateja. Alilia, nami nikamwambia akalie nje, analowanisha sakafu. Kucha, kama unasoma hapa, nitakuja kwenu. Sijui nitakuja na sura gani, lakini nitakuja.

Wa pili kunijia alikuwa mume wangu, na huyo kwa sababu ya bomba.

Bafu la mama liliwahi kuziba. Baba Pacha akasema fundi wa nini wakati yeye yupo. Alichimba, akakata, akaunga, akatangaza kwamba maji sasa yanakwenda kwenye shimo kama zamani. Hayaendi. Mteremko ulimshinda, akayaelekeza kwenye migomba iliyo kando ya bwawa, akafunika mdomo wa bomba kwa majani makavu. Siri hiyo alinipa mimi peke yangu, kwa fahari, na akasema yale ni maji ya sabuni ya mche tu, migomba itashukuru.

Nilikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea la mama mkwe wangu na hesabu yote ikajipanga yenyewe. Samaki mmoja alikufa kwa sababu zake, Bwana Samaki akaitwa. Mama akamwona Bwana Samaki, akaanza kuoga kwa bidii. Maji yakashuka, samaki wakafa zaidi. Wakifa zaidi, Bwana Samaki anakuja zaidi. Akija zaidi, mama anaoga zaidi. Bwawa zima lilikuwa linaangamia kwa ajili ya mahaba, na mwenye kesi nikawa mimi.

Nilizirudisha chupa kama nilivyozikuta, nyuso ukutani. Nilipopita barazani mama mkwe aliniuliza kama nilikuwa na shida. Nikasema ilikwisha.

*

Nyumbani nilimweka mume wangu kitako. Nilimwambia kuhusu bomba lake na maji yake, ila kuhusu chupa na chai nilinyamaza. Kuna mambo mwana hastahili kuyasikia kwa mkewe.

Alielewa upesi, ila alichokielewa ni hatari yake mwenyewe. Alinisihi nisiseme. Dada yake akijua nani alichimba bomba lile, atamchinja.

"Kwa hiyo nichinjwe mimi?" nikamuuliza.

"Wewe umeshazoea," akasema.

Sijui wanawake wengine mnafanya nini mkisikia neno kama hilo. Mimi nilimwambia aende akawaogeshe pacha, kwa sabuni ya mche.

Kisha nikapanga mpango, maana kulia ningelia baadaye. Sikuhitaji kumtaja mama, wala kulitaja bomba. Nilichohitaji ni saluni yangu itoke kwenye kesi. Mengine ningeyamaliza kimyakimya: mama angeletewa sabuni nyingine kwa hekima, Baba Pacha angehamisha bomba kwa kutishwa, samaki wangepona, na Bwana Samaki angetafuta sababu nyingine ya kuja. Watu wazima hawakosi sababu.

*

Jumamosi tukasimama kuzunguka bwawa: mama mkwe akiwa na kilemba chake, wifi na wavu wake, mume wangu na mikono yake mifukoni. Bwana Samaki alikuwa amekunja suruali, anachota waliokufa. Mguu ukamteleza kwenye turubai, akaingia mpaka magotini. Shati jeupe lilipata ramani.

Nilileta chupa ya rangi nyekundu ya nywele, ile kali kabisa, inayochukua mwezi mzima kutoka kwenye taulo. Nikawaeleza. Nitaimwaga yote kwenye sinki la saluni na kufungulia maji. Bwawa likigeuka jekundu, nafunga saluni leo hii na ufunguo namkabidhi wifi. Lisipogeuka, nataka aniombe radhi na anirudishie mwalimu wangu.

Wifi akasema yeye mwenyewe ndiye atakayemwaga, kwa sababu mimi naweza kuiba hata rangi yangu. Akapanda, akamwaga, akaacha bomba wazi, akashuka mbio. Tukasubiri. Bwawa likabaki na rangi yake ya chai ya maziwa. Nilimsikia wifi akipumua.

Bwana Samaki akataka tuone shimo. Baba Pacha akainua mfuniko, kazi pekee aliyoifanya siku ile, na humo ndani maji yalikuwa mekundu kama soda.

"Saluni haina hatia ya bwawa hili," akasema Bwana Samaki.

Nisiwafiche, niliifurahia dakika ile kuliko siku nilipopata stashahada. Nilimtazama wifi kwa upole wa makusudi, ule unaouma.

Lakini Bwana Samaki alikuwa bado ameinamia shimo. Akauliza likijaa linakwenda wapi. Mume wangu akasema huja gari la kunyonya. Na gari linamwaga wapi? Mume wangu, ambaye angeweza kunyamaza kama kawaida yake, akachagua wakati huo kuwa mkweli. Aliwahi kuliona likifungulia mtoni, chini ya daraja.

Yaani kutokuwa na hatia kwangu kulikuwa na mpaka wake: samaki wa bwawani niliwaacha salama kwa sababu sumu yangu nilikuwa nawapelekea samaki wa mtoni, ambao hawana wifi wa kuwasemea.

Bwana Samaki alisema tutalizungumza hilo. Akajitazama matope, akaomba akanawe miguu.

"Nenda tu," akasema mama mkwe. "Unapajua."

Mimi peke yangu nililisikia lile neno. Wifi alikuwa amechutama anahesabu maiti zake, na Baba Pacha hasikii mambo yanayosikika.

Tukasubiri. Nikaanza kuidai radhi yangu. Wifi alifungua mdomo, akaufunga, akasema kama si saluni basi kuna mtu ana roho mbaya. Nikamwambia hiyo si radhi. Akasema anaitafuta. Mama mkwe akasema tuyaache, huenda ni ugonjwa, magonjwa ya samaki ni mengi siku hizi, yeye anaona twende tukanywe chai. Nilikuwa nakubaliana naye kwa moyo wangu wote. Tulikuwa tumeshageuka, kabisa, tunapanda.

Ndipo migomba ikaanza kukohoa.

Kwanza ilikuwa mlio, kama mtu anayesukutua. Kisha majani makavu yakainuka, na chini yake likatoka povu. Povu jeupe, zito, la kutosha kumnyoa ng'ombe. Lilikaa kidogo kwenye mdomo wa bomba, likajikunjua, likaingia bwawani bila haraka. Vifaranga waliobaki wakakimbilia upande wa pili wote kwa pamoja, wakawa wanagonga turubai kwa pua.

Wifi alikuwa wa kwanza kufika. Alipiga magoti, akachota povu kiganjani, akanusa.

"Nazi," akasema.

Akanusa tena, akainuka, na povu lake mkononi akanisogezea puani.

"Hii ni ile ASILIA yako. Nimeshaoshwa nayo, naijua. Kumbe una bomba la pili. Lile la shimo ni la maonyesho, hili ndilo la kazi."

Nilimtazama mume wangu, aliyelichimba bomba lile kwa mikono yake. Alikuwa anaangalia ndege.

Nikamtazama mama mkwe, aliyekuwa amesimama pembeni yangu na kilemba kikavu. Hapo ndipo nilipogutuka. Mama yuko hapa. Wifi yuko hapa. Baba Pacha yuko hapa kwa kiasi chake. Sasa nani anaoga?

Yule mtu tulimruhusu kunawa. Hakuna aliyemruhusu kuoga.

Mama mkwe alilifikia jibu muda uleule. Niliona uso wake ukimshuka, ule uso ambao sijawahi kuuona ukiyumba, na chini yake palikuwa na msichana mmoja mwenye hofu kubwa. Akanishika kiwiko. Tangu niolewe ananiita "mke wa mwanangu" akiwa na furaha na "huyu" akiwa kawaida.

"Mwanangu," akaninong'oneza. "Sema ni maji yako. Mengine niachie mimi."

Wifi alikuwa anasubiri. Akasema safari hii hataki rangi wala maelezo, anataka neno moja, mbele ya mama na mbele ya mume wangu: bomba lile ni langu au si langu?

Mtanisamehe, mimi ni mtu wa ugavi, hata kwenye moto napanga bidhaa. Nikisema si langu, wataulizana la nani, watapanda mpaka bafuni, na mama huyu atavuliwa kilemba mbele ya wanawe. Stoo nayo nitaipoteza, maana hakuna mama mkwe anayempangisha shahidi wake. Nikisema ni langu, saluni inafungwa leo, ila kuna mtu katika uwanja huu ambaye hataniita tena "huyu". Nikawaza pacha watakula nini. Nikawaza Kucha. Nikaona hata wale vifaranga wanaogonga turubai, wenzangu wa mtego mmoja.

Mama alikuwa bado hajakiachia kiwiko changu.

"Ni langu," nikasema.

Wifi akanyoosha kiganja chenye povu apokee ufunguo wa saluni. Nikautoa mfukoni. Nikamwekea pale katikati ya povu, na akafumba vidole.

Na papo hapo, juu yetu, kidirisha cha bafu la mama kikafunguka. Sauti ya kiume iliyozoea nyumba, sauti ya mtu mwenye sabuni machoni na asiye na wasiwasi wowote duniani, ikaita:

"Kipenzi, leo taulo umeliweka wapi?"